Nembo Juu ya Nembo

Usiku wa tarehe 25 Mei 1988, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kipande cha mwisho cha St. Elsewhere, tamthilia ya hospitali moja chakavu ya Boston iliyokuwa hewani kwa miaka sita. Hadithi ilipokwisha, majina ya waigizaji na mafundi yakaanza kupita kama ilivyo ada. Nyuma ya majina hayo alionekana paka mdogo wa rangi ya chungwa, amelala ubavu, ametundikiwa dripu na kuunganishwa na mashine ya mapigo ya moyo. Majina yalipomalizika, mlio wa mashine ukageuka kuwa mmoja, mrefu, na mstari wa moyo ukanyooka. Paka kafa.

Asiyejua historia yake alibaki ameduwaa. Aliyeijua alicheka, au alisikitika, au vyote viwili. Paka huyo aliitwa Mimsie na alikuwa nembo ya MTM Enterprises, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 na mwigizaji Mary Tyler Moore na Grant Tinker, aliyekuwa mumewe wakati huo. MGM walikuwa na simba anayenguruma ndani ya duara la dhahabu. MTM wakamtia paka ndani ya duara kama lile, naye akasema "nyau". Miaka ilivyokwenda, kila kipindi kilimvika kivyake. Katika Hill Street Blues alivaa kofia ya polisi. Katika Remington Steele alivaa kofia ya mpelelezi na kushika kiko mdomoni, kikadondoka pale alipofungua kinywa kulia. Katika Newhart sauti ya paka ilitolewa na mchekeshaji Bob Newhart mwenyewe, na kipande cha mwisho cha mwaka 1990 kilipokwisha, paka alifungua kinywa na kutoka sauti za wale ndugu wawili walioitwa Darryl wakipiga kelele kwamba watu wanyamaze.

Utani wa aina hii haukuwa wa MTM peke yao. Jack Webb, mwenye Dragnet, alimaliza kila kipindi kwa mikono miwili yenye jasho ikigonga patasi kwa nyundo juu ya bati mpaka ikatokea namba ya Kirumi VII. Gary David Goldberg, mwenye Family Ties, aliweka picha ya mbwa wake Ubu iliyopigwa katika bustani ya Tuileries mjini Paris, na sauti ya mtu akimwambia aketi kisha akimsifu. Baadaye Chuck Lorre alianza kuweka kipande kirefu cha maandishi kinachopita kwa sekunde moja hivi, na watazamaji wa Dharma & Greg mwaka 1997 wakalazimika kurekodi kwenye kanda na kusimamisha picha ili wasome.

Mkia wa kipindi, basi, ulikuwa na mambo yake. Lakini hakuna sehemu ya televisheni iliyokatwa, kufunikwa na kubadilishwa kwa wepesi kama hiyo, na wanunuzi wa DVD walianza kuligundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipofungua makasha yaliyoandikwa kwamba yana msimu mzima, wakakuta mwisho si ule walioukumbuka. Wengi walisingizia uzembe. Uzembe ulikuwapo, lakini mzizi wa jambo lenyewe ni wa zamani zaidi: ni hesabu za wadhamini, sheria za serikali na mikataba ya muziki, na ulianza kabla hata ya televisheni ya rangi kuingia sebuleni.

Chukua I Love Lucy. Kilianza CBS tarehe 15 Oktoba 1951, na aliyelipa gharama alikuwa kampuni ya sigara ya Philip Morris. Siku hizo mdhamini hakununua dakika moja ya tangazo akaenda zake. Kipindi kilihesabika kuwa chake. Kwa hiyo mwanzoni na mwishoni walitokea vikatuni viwili vyenye miili ya vijiti, mmoja Lucille Ball na mwingine Desi Arnaz, waigizaji wakuu wa kipindi, wakifanya vituko kuzunguka pakiti ya sigara kubwa kuliko wao. Michoro ile ilitoka kwa timu ya William Hanna na Joseph Barbera, ambao majina yao hayakutajwa kwa kuwa walikuwa bado wamefungwa na mkataba wa MGM. Hata kabla kisu cha mhariri hakijagusa filamu, majina mawili makubwa ya katuni yalikwisha kukosekana.

Ball na Arnaz walikuwa wamefanya biashara iliyoonekana ya ajabu. Walitaka kipindi kipigwe kwa filamu ya milimita 35, kwa kamera tatu, mbele ya watu waliokaa wakitazama, tena Hollywood badala ya New York. Gharama ikapanda. Wakakubali kupunguziwa malipo, na badala yake kampuni yao Desilu ikabaki na umiliki wa filamu. Vituo vingi wakati huo vilitangaza moja kwa moja na kipindi kikishapita kimepita. Nakala zilizohifadhiwa zilikuwa za ubora duni, zilizopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni. Desilu walikuwa na filamu safi kabatini. Miaka michache baadaye CBS iliwalipa yapata dola milioni 5 kuzichukua, na hapo biashara ya marudio ikapata miguu.

Marudio ndiyo yaliyoleta mkasi. CBS ilipopanga kuanzia mwaka 1959 kurudia I Love Lucy mchana, ilikuwa na vipande vilivyosheheni jina la mdhamini aliyekwisha kuondoka. Philip Morris walijitoa mwaka 1955 na wengine wakashika nafasi. Nani arushe bure tangazo la sigara, na mdhamini mpya ameshalipia sabuni? Vikatuni vikakatwa. Mahali pake ukawekwa moyo mkubwa juu ya kitambaa cha satini, jina la kipindi likiandikwa juu yake kwa mwandiko wa kuunganisha, na majina ya mwisho nayo yakapita juu ya satini ileile. Mwaka 1970 Rais Nixon akatia saini sheria ya kuondoa matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni, yakakoma Januari 1971, na kurudi kwa pakiti ile kukawa hakuwezekani hata kwa bahati mbaya.

Leo ukimwambia Mmarekani yeyote mwenye umri wa kati akuchoree ufunguzi wa I Love Lucy, atachora moyo. Kitu kilichobuniwa kuficha tangazo ndicho kimekuwa alama ya kipindi.

The Flintstones ilipita njia hiyohiyo, kwa hasara kubwa zaidi ya majina. Katuni hiyo ilianza ABC tarehe 30 Septemba 1960 ikiwa ya watu wazima, saa za jioni, na miongoni mwa wadhamini wake ilikuwa sigara ya Winston. Yapo matangazo ambamo Fred na Barney wanawaacha wake zao wakihangaika na kazi za nyumbani, wao wanajificha nyuma ya nyumba kuvuta. Mdhamini mwingine alikuwa Miles Laboratories, watengeneza dawa, ambao mwaka 1968 walitoa vitamini za kutafuna za watoto zenye sura za wahusika haohao. Wazazi wengi wa Marekani waliozinunua hawakujua kwamba Fred aliwahi kuuza tumbaku.

Misimu miwili ya kwanza ilifunguliwa na kufungwa kwa muziki usio na maneno ulioitwa Rise and Shine. Wimbo unaojulikana na dunia nzima ulianza msimu wa tatu. Kipindi kilipopelekwa kwenye marudio, wauzaji walitaka vipande vyote vifanane, basi mwanzo na mwisho wa baadaye ukapachikwa kwenye vipande vya mwanzo. Winston ikatoweka, na hilo hakuna wa kulilia. Lakini mwisho uliopachikwa ulikuja na majina yake. Mchoraji aliyekesha mwaka 1960 akichora kipande fulani angeweza kukaa na watoto wake miaka kumi baadaye, wakitazama kazi yake, na jina linalopita likawa la mwenzake. Nembo inayofunikwa ni hasara ya kampuni, na kampuni ina mawakili. Jina linalobadilishwa ni la mtu, na fundi wa kawaida hana wa kumsemea. Turner, walionunua Hanna-Barbera, watengenezaji wa katuni hiyo, mwaka 1991, waliurudisha ufunguzi wa zamani kwa ajili ya Cartoon Network, na DVD ya msimu wa kwanza iliyotolewa na Warner mwaka 2004 ikaendelea na kazi hiyo.

Mpaka hapa lawama ni ya wadhamini. Kisha ikaingia serikali.

Mwaka 1970 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni za kuvizuia vituo vitatu vikubwa, ABC, CBS na NBC, visimiliki vipindi vya jioni vinavyotengenezwa na wengine wala visifanye biashara ya kuuza marudio. Lengo lilikuwa kupunguza nguvu za vituo hivyo dhidi ya watengenezaji. Matokeo yake kwenye kioo yalionekana mara moja. CBS ilikata idara yake ya mauzo ya marudio ikaifanya kampuni ya peke yake mwaka 1971, nayo ikaitwa Viacom. Idara ya ABC ikageuka kuwa Worldvision mwaka 1973. Mali ya NBC, Bonanza ikiwemo, ikauzwa kwa kampuni ya NTA. Vipindi vilevile, filamu zilezile, lakini mkia ukawa na mwenye mpya.

Nembo ya Viacom ya mwaka 1976 ilikuwa herufi V kubwa inayokuja mbio kuelekea kwa mtazamaji, na muziki wa kushtua. Watoto waliogopa. Mashabiki bado wanaiita V ya maangamizi. Nembo ya Screen Gems ya mwaka 1965, iliyofunga Bewitched na I Dream of Jeannie, ilikuwa na herufi S inayoundwa na mistari miwili na kitone, na sauti ya mitambo iliyotungwa na Eric Siday, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia kinanda cha Moog katika matangazo. Nayo iliwatisha watoto kiasi kwamba mwaka 2010 Rodney Ascher alitengeneza filamu fupi nzima juu ya hofu hiyo, akaiita The S from Hell. Hakika ni watu wachache waliotarajia kwamba sekunde sita za biashara zingezaa filamu.

Kubandika kwenyewe kulifanyika hivi. Katika miaka ya 1960 na 1970, nakala za filamu zilisafirishwa kutoka kituo hadi kituo, kituo kimoja kikimaliza kinakipelekea kinachofuata. Kila kopo lilikuwa na mkia wa siku lilipochapwa, na kubadilisha nembo kulimaanisha kukata na kuunga filamu nakala kwa nakala. Ilipofika miaka ya 1980, kanda za video na setilaiti zikabadilisha hesabu. Sasa kampuni ilitengeneza nakala mama moja, ikairusha kwa vituo vyote. Mhariri alikaa mbele ya mashine mbili, akapeleka picha mpaka jina la mwisho lilipotoweka, akabonyeza, na nembo mpya ikaingia. Mara nyingine hakusumbuka hata na sauti: muziki wa nembo ya zamani ulisikika chini ya picha ya nembo mpya, kwa sababu noti ya mwisho ya wimbo wa kipindi ilikuwa imeungana nao na kuikata kungeharibu.

Mwenye mali akibadilika, kazi inaanza upya. Mkia wa kipindi cha zamani ukawa kama ukuta wa sokoni unaobandikwa mabango ya uchaguzi juu ya mabango ya uchaguzi uliopita. The Jeffersons, kilichoanza Januari 1975, kilikuwa cha kampuni ya T.A.T. ya Norman Lear. Mwaka 1982 Lear na mshirika wake Jerry Perenchio walinunua Avco Embassy kwa dola milioni 25, na jina la Embassy likaingia. Mwaka 1985 waliuza Embassy pamoja na Tandem kwa Coca-Cola, iliyokuwa ikimiliki Columbia, kwa dola milioni 485. Mwaka 1989 Sony ya Japani ikainunua Columbia kwa dola bilioni 3.4. Jina la tawi la televisheni likawa Columbia TriStar mwaka 1994, kisha Sony Pictures Television mwaka 2002. Kila hatua ilikuwa na nembo yake, na familia ya George Jefferson, iliyokwisha kuhamia ghorofani, ikawa inabadilishiwa mwenye nyumba bila hodi.

DVD ilipoingia, watu walidhani hadithi hii imefika kikomo. The X-Files ilitolewa msimu mzima kwenye diski mwaka 2000, na biashara ikalipuka. Ghafla kampuni zilizokuwa zimesahau makabati yao zilianza kuyafungua. Mnunuzi aliahidiwa picha safi, bila matangazo, bila kukatwa. Lakini kukisafisha kipindi kutoka kwenye filamu ya kwanza ni gharama, na kando yake ipo kanda ya miaka ya 1980 iliyo tayari. Roseanne, msimu wake wa kwanza ulipotolewa kwenye DVD mwaka 2005, ilitoka ikiwa na vipande vilivyokwisha kupunguzwa kwa ajili ya marudio. Kipande cha vichekesho cha miaka ya 1950 kilikuwa na dakika 26 hivi ndani ya nusu saa. Miaka ya baadaye matangazo yalikula mpaka zikabaki 22. Kanda ya marudio ilikuwa imenyolewa ili itoshe nafasi hiyo ndogo, na mkia ulikuwa wa kwanza kunyolewa.

Hata hivyo lililowaumiza wanunuzi zaidi ni muziki, na hapa lazima tukae kidogo.

WKRP in Cincinnati, cha MTM, kilihusu kituo kidogo cha redio kilichogeuka kupiga roki. Kilianza mwaka 1978 na kilijaa nyimbo halisi za wakati huo. Kilirekodiwa kwenye kanda ya video badala ya filamu kwa sababu moja ya kibiashara: ada za kutumia muziki kwa vipindi vya video zilikuwa ndogo. Vibali vile vilikuwa vya muda. Muda ulipokwisha, bei za nyimbo zilikuwa zimepaa. Katika marudio na baadaye katika DVD ya Fox ya mwaka 2007, nyimbo nyingi ziliondolewa na kuwekwa muziki wa kuokoteza ambao haukuhitaji malipo makubwa. Pale mtangazaji alipozungumza huku wimbo ukipigwa nyuma yake, mazungumzo yenyewe yalibidi yaguswe. Mwaka 2014 Shout! Factory walitoa seti kamili iliyorudisha sehemu kubwa ya nyimbo, baada ya kazi ya kuomba kibali kimoja kimoja. Kwa bahati, wimbo wa roki unaofunga kila kipande ulikuwa umetungwa kwa ajili ya kipindi, na maneno yake hayana maana yoyote: mwimbaji alikuwa akibwabwaja tu kwa sababu maneno halisi hayakuwa yameandikwa, na watengenezaji wakapenda ibaki hivyo.

Married... with Children iliwaudhi mashabiki kwa namna nyingine. Kipindi kilifunguliwa na Frank Sinatra akiimba Love and Marriage, na kejeli yote ya ufunguzi ilikuwa katika wimbo ule mtamu juu ya picha za familia isiyopendana. DVD za misimu miwili ya kwanza zilikuwa nao. Kuanzia msimu wa tatu, mwaka 2005, wimbo ukatoweka na nafasi yake ikachukuliwa na muziki usio na maneno unaojaribu kufanana nao bila kufanana. Msimu wa pili wa Happy Days nao ulipoteza Rock Around the Clock na kupewa wimbo mwingine wa kipindi uliokuwa wa baadaye.

Kisha ikaja The Fugitive. Tamthilia hii ya ABC, ya daktari anayekimbia hukumu ya mauaji asiyoyatenda, ilimalizika tarehe 29 Agosti 1967 mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kuwa milioni 78. Mwaka 2008 nusu ya kwanza ya msimu wa pili ilitoka kwenye DVD, na waliofungua kasha wakasikia vinanda vya umeme. Muziki wa Pete Rugolo na ule wa maktaba uliotumika miaka ya 1960 ulikuwa umeondolewa karibu wote ili kuepuka kufuatilia haki za kila kipande. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba kampuni ilirudi nyuma na kutoa diski za kubadilishia zenye sehemu kubwa ya muziki wa awali. Ni nadra mnunuzi kushinda mwanasheria kwa njia hiyo.

Kuna upande wa pili wa sheria hizohizo, wa chini kabisa sokoni. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyotolewa kabla ya mwaka 1964 ilihitaji kusajiliwa upya ilipofikisha mwaka wa 28. Mwenyewe asipofanya hivyo, inakuwa mali ya umma. Kampuni zilizorithi The Beverly Hillbillies, The Andy Griffith Show na Bonanza ziliacha baadhi ya vipande vipitwe na tarehe. Wauzaji wa DVD za dola moja wakavirukia. Tatizo ni kwamba wimbo una haki yake mbali na picha, na aliyesahau kusajili picha hakusahau wimbo. Basi madukani zikajaa diski ambamo familia ya Clampett inaingia Beverly Hills kwa gari lao bovu bila ule wimbo unaoeleza walitoka wapi na walipataje mafuta. Mwanzo na mwisho vilipewa banjo ya mtu asiyejulikana. Picha ya bure, wimbo wa kulipia: sheria iligawa kipindi vipande viwili, na anayenunua kwa dola moja alipata kile kisicho na mwenyewe.

Yote haya hayamaanishi kwamba DVD ilikuwa adui. Mahali pengine ilifanya kazi ambayo televisheni ilikuwa imeishindwa kwa nusu karne. Mfano mzuri ni Popeye. Katuni zake zilitengenezwa na studio ya Fleischer kuanzia mwaka 1933 na kusambazwa na Paramount. Katikati ya miaka ya 1950 Paramount iliziuza kwa televisheni, lakini haikutaka jina lake lionekane kwenye chombo ilichokihesabu mpinzani. Sharti likawa nembo ya mlima iondolewe. Kampuni iliyonunua, a.a.p., iliweka yake, na hivyo ndivyo vizazi vya watazamaji vilivyomjua baharia yule. Mali ikapita kwa United Artists, kwa MGM, kwa Turner, kwa Warner. Mwaka 2007 Warner ilipotoa juzuu la kwanza la DVD, mafundi walikuwa wamezitafuta filamu za awali na kurudisha mianzo na miisho kama ilivyokuwa sinema za miaka ya 1930. Mlima wa Paramount ukaonekana kwenye diski ya Warner, mshindani wake. Ni uungwana ambao Paramount yenyewe haikuwa imeufikiria mwaka ilipouza.

DVD iliokoa pia majina yaliyokuwa yakinyimwa nafasi hewani. Mwaka 1994 NBC ilianza kubana majina ya mwisho kwenye theluthi ya kioo, sehemu iliyobaki ikipewa kipindi kinachofuata au mzaha wa nyongeza, ili mtu asipate muda wa kushika rimoti. Vituo vingine vikaiga upesi. Vyama vya waandishi na waongozaji vilikuwa vimepigania kwa miaka mingi ukubwa wa herufi na muda wa kila jina, kwa kuwa jina ni barua ya kuombea kazi inayofuata. Sasa herufi zilikuwa ndogo kiasi cha kuhitaji miwani. Kwenye diski, majina yaleyale yalirudi kioo kizima, na muziki wake ukasikika mpaka mwisho.

Na zipo kampuni zilizogundua njia rahisi kuliko zote: acha nembo ya zamani mahali pake, kisha ongeza yako baada yake. Mwenye mali wa leo anatambulika, wa jana hajafutwa, na gharama ni sekunde chache. Kinachoshangaza ni kwamba njia hii ilichukua muda mrefu hivyo kuwa kawaida. Mtu aliyenunua Hill Street Blues kwa ajili ya Hill Street Blues hana sababu ya kuchukia nembo ya mnunuzi wa karibuni. Anachotaka ni kumwona paka na kofia yake kwanza. Mkusanyaji wa makasha hufungua diski mpya, huruka moja kwa moja hadi dakika ya mwisho, na kuangalia kama nembo ipo. Jirani yake anaweza kumwona ana kichaa. Lakini mwanahistoria wa biashara hufanya jambo lilelile akichunguza mhuri wa hati: nembo ya Desilu mwishoni mwa kipande cha Star Trek cha mwaka 1966, na ya Paramount kwenye vipande vya baadaye vya msimu wa pili, inamwambia bila kitabu kwamba katikati yake Lucille Ball aliiuza kampuni yake kwa Gulf+Western, kwa dola milioni 17, mwaka 1967. Ukibandika nembo moja juu ya zote, ushahidi huo unakwenda.

I Love Lucy imepata bahati ambayo vipindi vichache vimeipata. DVD za mwanzo zilikuwa na moyo wa satini, na mianzo ya zamani ikawekwa pembeni kama nyongeza kwa wadadisi. Mwaka 2014, msimu wa kwanza ulipotolewa kwenye Blu-ray, mtazamaji alipewa uchaguzi: atazame na moyo, au atazame kama ilivyorushwa mwaka 1951, vikatuni vya vijiti, pakiti ya sigara na yote. Tangazo la tumbaku lililofukuzwa hewani kwa sheria limerudi sebuleni kama kumbukumbu. Mwenye kipindi hicho ni CBS, ambayo iliungana na Viacom, ikatengana nayo mwishoni mwa mwaka 2005, ikaungana nayo tena mwaka 2019; kampuni hiyo ya pamoja ikabadilishwa jina kuwa Paramount mwaka 2022, na Agosti 2025 ikaingia mikononi mwa Skydance, ambao nao wana nembo yao.